Mgongo, Foleni na Mkono wa Tabibu

Katika kibanda cha kinyozi kilichopo hatua chache kutoka barabara kuu ya Tunduma, ambako malori yaendayo Zambia na Kongo husimama yakinguruma mchana kutwa na usiku kucha, nilikaa jioni moja nikingoja zamu nyuma ya dereva aliyekuwa akinyolewa ndevu, nikaona jambo ambalo wengi wetu tumeliona mara nyingi bila kulifikiri. Kinyozi alipokwisha kunyoa alimpangusa mteja uso kwa taulo la moto, akajimiminia mafuta viganjani, akamkanda mabega na kisogo. Kisha, bila kumwuliza wala kumwonya, akamshika kidevu kwa mkono mmoja na utosi kwa mkono wa pili, akakizungusha kichwa kwa ghafla upande wa kulia, shingo ikalia kah, akakirudisha kushoto, ikalia tena. Dereva akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Hapo sasa, dogo. Leo siku ya nne niko kwenye foleni."

Katika maneno hayo machache, ambayo kijana aliyajibu kwa "Pole, mzee wangu" huku akikung'uta kitambaa, mna maswali mawili ambayo makala haya yanakusudia kuyapima. La kwanza ni la mwili: je, mkono unaoliza kiungo cha shingo au cha mgongo hutibu kitu, au hulifurahisha sikio tu? La pili ni zito zaidi, kwa kuwa dereva yule hakuitaja shingo, alizitaja siku: je, dhiki ya kungoja, ambayo haina mfupa wala msuli, yaweza kuondolewa kwa kushikwa mfupa na msuli? Wamarekani wamekwisha kuufanya mkono huu kuwa taaluma yenye vyuo, leseni na jina la Kigiriki, kairopraktiki, maana yake kazi itendwayo kwa mikono, na katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam wapo matabibu wake wenye vyumba safi na vitanda maalumu. Msafiri wa Tunduma hukutana na kinyozi. Nasema tangu mwanzo, ili msomaji asinifuate gizani, ya kuwa mkono una haki yake katika tiba ya mgongo, ya kuwa haki hiyo ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na ya kuwa asili ya sehemu kubwa ya maumivu ya mji huu ni yale ambayo mgongo unabebeshwa na kungojeshwa.

Tuanze na dhiki yenyewe. Istilahi ya msongo wa mawazo ni changa katika vinywa vyetu, lakini jambo lenyewe ni kongwe, na lugha ilikwisha kuliwekea hazina ya maneno kabla ya hospitali kufika: ghamu, fadhaa, wahaka, simanzi, kihoro, na lile ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa ufundi wake, jakamoyo, limwelezalo mtu ambaye moyo hautulii kwa jambo lililo bado njiani. Na mtazame mwenye lugha anavyolieleza jambo la rohoni kwa viungo na mizigo: mtu huelemewa, hukaa roho juu, huwa na kitu kizito kifuani, na kikimwondokea husema ametua. Waliosema hivyo hawakupima damu wala kupasua maiti, ilhali waligusa jambo ambalo wataalamu walikuja kulithibitisha kwa vyombo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Walter Cannon wa Harvard alionyesha jinsi kiumbe aliyetishwa anavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia, moyo ukaenda mbio na misuli ikakazana. Na mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alichapisha katika jarida la Nature barua fupi yenye habari ya panya waliopewa taabu za namna mbalimbali, baridi, majeraha, sumu, na miili yao yote ikazijibu kwa namna moja, tezi zilizoketi juu ya figo zikavimba na matumbo yakapata vidonda. Mwili haukupewa jeshi la pili kwa ajili ya simu ya tajiri anayeuliza mzigo umefika wapi. Hulituma jeshi lilelile la siku ya vita, mabega yakapanda, taya likauma, misuli ya kisogo ikasimama zamu, na kwa kuwa hakuna wa kupigana naye wala pa kukimbilia, askari hao hukaa zamuni siku nne wasiambiwe kupumzika.

Tunduma ni mji uliozaliwa na kungoja. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, na Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini, malori yalianza kuyavusha mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, barabara iliyoua watu na magari hata ikapata kuitwa kwa Kiingereza Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta likaja mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Jehanamu ikapoa, lakini mpaka ukabaki, na mpaka maana yake ni kusimama. Leo shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka kwa njia hiyo, mafuta na bidhaa hupanda, na mji uliokuwa kituo cha njiani umekuwa, kwa sensa ya 2022, na watu zaidi ya laki mbili, ndani ya Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake yakawekwa Vwawa. Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia walikizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, mji wa ng'ambo ya mpaka, ili lori lisikaguliwe mara mbili. Kazi ikapungua, lakini foleni haikwisha. Na mwezi Mei 2020, katika siku za maradhi ya korona, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, madereva walionja kungoja kusikokuwa hata na tarehe ya mwisho.

Wenye kupita na magari madogo huitazama foleni ile kama ukuta wa mabati, wasijue kwamba kila bati lina mtu ndani yake. Dereva ametoka Dar es Salaam zaidi ya kilomita 900 nyuma, ameupanda mlima wa Kitonga kwa gia nzito na kushuka miteremko ya Mbeya mguu ukiwa juu ya breki, kiti kikimtikisa uti wa mgongo saa baada ya saa. Akifika, harakati hukoma kwa ghafla na kukaa huendelea. Anasogeza lori urefu wa magari mawili, anazima, anawasha, anasogeza tena. Hawezi kulala usingizi wa kweli kwa kuhofia wezi wa mafuta na wakata maturubai, hawezi kwenda mbali kwa kuhofia zamu kumpita, na posho aliyopewa kwa siku tatu anaila siku ya tano. Utingo akichoka hulala chini ya tela. Dereva hujikunja juu ya kitanda cha nyuma ya kiti, magoti yakiwa yamekaribia kidevu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mwenye kukaa ofisini akimwambia mtu huyu "tulia, usiwe na mawazo" anazungumza kwa kanda hilo.

Naye si peke yake. Katika maghala ya nafaka wapo vijana wanaotwika magunia ya mahindi na maharage kutwa nzima kwa malipo ya kila gunia, na katika nchi hii gunia lina ndugu yake haramu aitwaye lumbesa, gunia lililojazwa mpaka shingoni, likaongezwa kilemba juu yake na kushonwa kwa kamba, ambalo Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka mingi kwa sababu humwibia mkulima. Wanaolitaja lumbesa hutaja mfuko wa mkulima; ni nadra kusikia ikitajwa shingo ya mpagazi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55, na gunia halali la kwetu huweza kufika kilo 100, seuze lumbesa. Ongeza mwanamke avukaye mpaka na beseni kichwani na mtoto mgongoni, mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyeinama palizini tangu alfajiri, na mbadilisha fedha aliyeketi juu ya kigoda na mabunda ya kwacha na shilingi mapajani, asiyebeba kilo tano kwa siku, lakini jicho lake halipati kupepesa. Huyu wa mwisho nimemsikia akilalamika kiuno kuliko wapagazi, jambo lililonistaajabisha mpaka niliposoma habari ya wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa viwanda vya ndege vya Boeing, waliochunguzwa na matokeo kuchapishwa mwaka 1991: waliosema kwamba hawaifurahii kazi yao hata kidogo walikuwa na uwezekano mara mbili na nusu wa kuja kuripoti maumivu ya mgongo kuliko waliokuwa wakiifurahia. Mgongo, basi, huhesabu kilo, na huhesabu pia karaha.

Sasa tuugeukie mkono. Kuushika mgongo wa mgonjwa na kuusukuma si uvumbuzi wa Marekani. Vitabu vilivyorithiwa kutoka kwa Hippocrates vimeeleza mgonjwa anavyolazwa kifudifudi na kuvutwa huku tabibu akiikandamiza pingili iliyotokeza, na Ibn Sina na matabibu wengine wa Kiislamu wakaiendeleza elimu hiyo. Kwetu wamekuwapo siku zote wakandaji na waunga mifupa, wenye ujuzi wa kurithiwa, na katika nyumba nyingi baba aliyerudi shambani hulala juu ya mkeka akamwita mwanawe mdogo, "Njoo unikanyage mgongo," mtoto akatembea juu yake akiyumba na kucheka. Uingereza nayo ilikuwa na waunga mifupa wake, na mwaka 1867 mpasuaji mashuhuri James Paget aliwaonya matabibu wenzake katika mhadhara ya kwamba wapo wagonjwa ambao madaktari huwashindwa na waunga mifupa wakawaponya, na kwamba ingefaa wajifunze kwao badala ya kuwacheka. Nasaha ile ingali ya kufaa.

Aliyeufanya mkono kuwa madhehebu ni Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu za sumaku katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Yasemwa ya kuwa tarehe 18 Septemba 1895 alimsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa msafishaji wa jengo na aliyekuwa amepoteza usikivu miaka mingi, na usikivu ukarudi. Juu ya kisa hicho kimoja Palmer alijenga jumba zima la nadharia: kwamba uhai hutiririka kutoka ubongoni kwa mishipa ya fahamu, kwamba pingili iliyohama huubana mtiririko huo, na kwamba asilimia 95 ya maradhi yote ya binadamu hutokana na kubanwa huko. Alifungwa gerezani mwaka 1906 kwa kutibu bila leseni, akatoka akiwa shahidi wa imani yake. Mwanawe akaitangaza kwa hamasa ya mfanyabiashara. Chama cha madaktari wa Marekani kikawapiga wafuasi wake marufuku ya ushirikiano, mpaka Chester Wilk na wenzake walipokishtaki mwaka 1976, na mahakama ya Chicago ikaamua mwaka 1987 ya kuwa chama hicho kimevunja sheria za ushindani wa biashara. Wapo wanaoitaja hukumu hiyo kama kwamba ilithibitisha tiba. Hasha, ilihukumu mambo ya soko. Pingili hazikuitwa kutoa ushahidi.

Nadharia ya Palmer haisimami. Mshipa wa kusikia hutoka ubongoni kwenda sikioni ndani ya fuvu, haushuki mgongoni hata ukabanwe huko. Na kuhama kwa pingili kulikodaiwa hakukuweza kuonyeshwa kwa picha kama Palmer alivyokueleza. Hata picha nazo zataka hadhari: mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za sumaku watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta nusu yao wana sahani ya gegedu iliyovimba mahali fulani, na waliokuwa na sahani safi zote ni asilimia 36 tu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha yako akasema "hiki ndicho kinachokuumiza," huenda anasema kweli, na huenda anakuonyesha kunyanzi za ndani, ambazo umri humpa kila mtu kama utoavyo mvi. Matabibu wengi wa kairopraktiki wa leo, walio wasomi na waaminifu, wamekwisha kuyaacha madai ya asilimia 95 na hujiita watu wa mgongo tu. Lakini wapo wenzao ambao bado huahidi kutibu pumu, kisukari na shinikizo la damu kwa kusukuma pingili, na hao msomaji awapite kama anavyompita muuza dawa ya magonjwa yote kwenye stendi ya mabasi.

Na ile sauti? Wengi hudhani ni mfupa uliorudi mahali pake. Ndani ya kiungo mna maji mazito yalainishayo. Kiungo kikitanuliwa kwa ghafla msukumo ndani yake hushuka, na mahali penye maji huzuka kipovu cha hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta waliliona jambo hilo likitokea ndani ya vidole kwa picha za sumaku mwaka 2015, na ndiyo sababu kidole kilichokwisha kulia hakilii tena mpaka zipite dakika ishirini hivi. (Daktari mmoja wa California, Donald Unger, aliviliza vidole vya mkono wake wa kushoto kwa miaka ipatayo sitini akauacha wa kulia ili aone kama mama yake alisema kweli kwamba kufanya hivyo huharibu viungo, mikono yote miwili ikawa sawasawa. Nampa heshima yake kwa subira, ingawa siwezi kuusifu uchaguzi wa kazi.) Sauti, basi, ni povu. Lakini kunyooshwa kwa ghafla huifanya misuli iliyokaza ilegee kwa muda, na maumivu hupungua. Nafuu aliyoipata dereva yule ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa na saa zake.

Nafuu hiyo imepimwa, na vipimo vyake si vya kudharauliwa wala vya kupigiwa tarumbeta. American College of Physicians, chama cha matabibu wa magonjwa ya ndani wa Marekani, kilitoa mwongozo mwaka 2017 kikishauri ya kuwa mwenye maumivu mapya ya kiuno aanze na njia zisizo za dawa, na kikazitaja: joto la juu ya ngozi, kukandwa, sindano za Kichina, na kusukumwa kwa pingili. Hapa pana jambo la kuchekesha kwa anayejua kusoma vitabu vya aina hiyo, kwa sababu ushahidi wa joto ulipewa daraja la kati na ushahidi wa kusukuma pingili ukapewa daraja la chini. Yaani kitambaa kilichochovywa katika maji moto, ambacho bibi zetu walitukandia bila ada na bila leseni, kilimpita tabibu wa Davenport mbele ya mizani ya Wamarekani wenyewe. Shirika la Afya Duniani, lililokadiria ya kuwa watu milioni 619 waliumwa kiuno mwaka 2020, nalo lilitoa mwongozo Desemba 2023 kwa ajili ya maumivu yaliyokwisha kuwa sugu: likakubali elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba ya kuzungumza, na pia kukandwa na kusukumwa kwa pingili; likakataa mashine za kuvuta mgongo na ile mikanda ya kiuno ambayo huuzwa njiani na kuvaliwa na madereva kama vazi la kazi. Wala mkono haukupewa nafasi ya peke yake katika shauri hilo; umewekwa pamoja na mazoezi, na mazoezi ndiyo yadumuyo.

Kuhusu dhiki ya moyo, ambayo matangazo ya kairopraktiki hupenda kuitaja, ushahidi wake ni mwembamba sana, na mwenye kudai kwamba kusukuma pingili huyeyusha msongo wa mawazo anadai zaidi ya anachoweza kuonyesha. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaomalizia hapo. Mtu aliyekaa siku nne ndani ya bati akisemeshwa na simu tu, ambaye tangu ameaga nyumbani hajaguswa na mkono wa mtu ila kwa kupokea risiti, akiketi katika kiti cha kinyozi, akapanguswa uso kwa joto, akakandwa mabega, akaambiwa "pole" na mtu asiyemdai kitu, hupata jambo ambalo kidonge cha diklofenaki hakimpi. Diklofenaki huumiza tumbo na huchosha figo ikizoewa, na kuzoewa imezoewa mno katika barabara hii. Mkono hukosa dhara hilo. Nadhani nusu ya kazi ya tabibu wa kairopraktiki katika chumba chake kizuri hutendwa na mambo haya: kwamba amekuuliza unaumwa wapi, amekusikiliza mpaka mwisho, amekulaza pasipo na simu kwa nusu saa, na amekugusa kwa adabu. Nusu hiyo haihitaji Kigiriki, na kuitoa kwake hakuhitaji kuiliza shingo.

Yapo na ayawezayo dereva kwa nafsi yake. Foleni isogeapo kwa siku haimzuii kushuka kila saa na kuizunguka tela yake mara tano. Afunge kamba ya kuning'inia kwenye mlango, aegemee na kuunyoosha mgongo kinyume cha ulivyokunjwa. Alale sakafuni juu ya jamvi, miguu juu ya gurudumu la akiba, dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Wapokezane zamu ya usingizi na mwenzake wa lori la nyuma, kwani usingizi uliokatwakatwa huyaongeza maumivu yote. Madereva wazee hufanya haya bila kufundishwa, na vijana huwacheka. Lakini haya nayo ni ya kumfundisha mtu kubeba. Mwenye uwezo wa kumtua ni yule anayepanga saa za forodha, anayelinunua lori lenye kiti kibovu, anayelipa kwa gunia badala ya kwa siku, na anayefumbia macho lumbesa. Na hao hawaingii katika kibanda cha kinyozi.

Nimebakiza jambo lililonifanya niandike, nalo ni khofu. Ndani ya pingili za shingo mna vitundu vinavyopitisha mishipa miwili ya damu ipandayo ubongoni, na kichwa kikizungushwa kwa ghafla ukuta wa mshipa huweza kuchanika, damu ikaganda, na mtu akapatwa na kiharusi baada ya saa au siku chache. Ni nadra, na wataalamu hubishana kama ni mkono unaochana au ni mgonjwa aliyekuja tayari ameumia na kujidhani anaumwa shingo tu. Lakini katika hali zote mbili mkono ulipaswa kuiacha shingo ile. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2005 lilisema mwenye kuanza kairopraktiki tangu mwanzo asome miaka minne na saa za mafunzo zisizopungua 4,200, na sehemu kubwa ya masomo hayo ni kujua nani asiguswe. Kinyozi alifundishwa na kinyozi mwenzake kwa siku mbili.

Na hapa mpakani yupo mgonjwa wa namna yake. Mwaka 1779 Percivall Pott, mpasuaji wa London, alieleza ugonjwa wa mgongo uliokuwa ukiwapinda watu na kuwapoozesha miguu, ambao leo twaujua kuwa ni kifua kikuu kilichohamia katika pingili. Mfupa wake huliwa polepole na kuwa kama mbao iliyoingiwa na mchwa, na mwenye kuusukuma huweza kuuvunja kwa mara moja. Tanzania imo katika nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani limezihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na maisha ya barabara ndefu, watu wengi katika vyumba vyenye madirisha yaliyofungwa, huyapenda maradhi hayo. Kwa hiyo maumivu ya mgongo yasiyopumzika hata usiku, yanayofuatana na homa za jioni, jasho linaloloweka shuka, kukonda au kikohozi cha wiki mbili, si ya kukandwa na mtu yeyote. Na mtu ambaye kiuno kinamuuma huku amekufa ganzi mapajani kwa ndani, au mkojo umemgomea, au mguu unakatika akitembea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kule Vwawa, nao wakiona haja watampeleka Mbeya au Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kungoja zamu ya forodha kusimzuie, kwani hilo ni tatizo ambalo likilala huweza lisiamke.

Nawaomba vinyozi wa Tunduma, Mpemba na Mlowo, ambao najua wameipata riziki yao kwa mikono yenye heri: endeleeni na taulo la moto, kandeni mabega kadiri mteja atakavyo, semeni pole, na shingo muiache. Na mteja akikohoa kitini, mwambieni ya kuwa kupimwa makohozi na kupewa dawa za kifua kikuu katika vituo vya afya vya serikali hakulipiwi chochote.